Mpenzi Wako Anasomea Kukamata Wadukuzi? Soma Hapa Kwanza

Waambie marafiki kwamba mpenzi wako yuko chuo anasomea usalama wa kompyuta, halafu subiri. Haipiti dakika swali linakuja: “Kwa hiyo anaweza kuingia kwenye WhatsApp ya mtu?” Wa pili atacheka na kusema umekwisha, huyo huwezi kumficha kitu. Wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, atakuvuta pembeni na kukuuliza kwa sauti ya chini kama mwenzio anaweza kumsaidia jambo dogo tu kuhusu simu ya mume wake.

Fani yenyewe inalipa, inaheshimika, na vijana wengi wanaikimbilia. Lakini ni fani inayoingia nyumbani pamoja na mwenye nayo. Mtu anayefundishwa kutwa nzima kushuku kila kinachopita kwenye mtandao, jioni anarudi kwa mtu anayetakiwa kumwamini. Anayejua namna ya kusoma yanayopita kwenye waya analala kitanda kimoja na simu isiyo yake. Wapo wanaoishi vizuri sana na hali hiyo, na wapo ambao penzi na kazi vyote vimewaponyoka kwa kosa la usiku mmoja.

Kinachowatofautisha ni neno moja ambalo mwanafunzi makini hulisikia mapema kabisa darasani: ruhusa. Tutafika huko. Kwanza tujue mwenzio anasoma nini hasa.

KWANI CHUONI WANASOMA NINI?

Siku hizi si lazima upande ndege kuisomea fani hii. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, na Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kina shahada ya usalama wa mtandao. Kwingineko somo hili limo ndani ya shahada za kawaida za kompyuta.

Anayeingia akidhani wiki ya kwanza atafundishwa kuvunja benki hukata tamaa mapema. Anaanzia chini kabisa. Anajifunza kwamba picha unayotuma haisafiri nzima, bali hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa paketi, na kila kipande kina anuani ya kilikotoka na kinakokwenda, kama bahasha ya posta. Anajifunza kwamba kompyuta ina milango, wao wanaita poti, na hesabu ya milango hiyo inafika 65,535. Kurasa za intaneti zenye ile alama ya kufuli hupitia mlango namba 443, na huduma nyingine zina milango yake. Mtu akianza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine kwa kasi, ujue anatafuta uliosahauliwa wazi. Hapo bado kuna Linux na kuandika programu kwa Python, bila kusahau hesabu ambazo wengi walidhani wamezikimbia sekondari.

Ndipo linakuja somo lenyewe la kugundua uvamizi. Kwa lugha ya mtaani, kuna njia mbili za kumjua mwizi.

Ya kwanza ni kuwa na picha yake. Polisi wamebandika sura ukutani, mlinzi wa getini anaikariri, na sura hiyo ikitokea anapiga filimbi. Programu maarufu ya aina hii ni Snort, iliyotengenezwa na Mmarekani Martin Roesch mwaka 1998. Inasoma paketi zinazopita, inazilinganisha na orodha ya alama za mashambulizi yanayojulikana, na zikifanana inapiga kengele. Ubaya wake unauona: mwizi mpya ambaye picha yake haijabandikwa anapita huku anasalimia.

Njia ya pili ni ya balozi wa nyumba kumi. Yeye hana picha ya mtu, ila anajua desturi za mtaa. Anajua mama wa nyumba ya tatu hutoka alfajiri kwenda sokoni, na kijana wa nyumba ya tano harudi kabla ya saa tano usiku. Akiona mlango wa nyumba ya tatu unafunguliwa saa nane usiku na mtu anatoka na televisheni kichwani, hahitaji picha. Kompyuta nazo hufundishwa hivyo: zinajifunza mwenendo wa kawaida, kisha zinaonyesha kilichokwenda kinyume. Aliyeiweka hoja hii katika mfumo unaosomwa hadi leo ni mwanamke, Dorothy Denning, katika andiko lake la mwaka 1987. Kwa hiyo dada, akitokea mtu wa kukuambia kozi hii ni ya wanaume, mtajie jina hilo.

Kuna pia Zeek, iliyoanzishwa na Vern Paxson mwaka 1995 huko California kwa jina la Bro na kubadilishwa jina mwaka 2018. Kazi yake kubwa ni kuandika kumbukumbu za kila mawasiliano yaliyopita: nani alizungumza na nani, lini, kwa muda gani. Na kuna Wireshark, ambayo inamwezesha mwanafunzi kuzifungua paketi na kuzisoma moja moja. Mwenzio akikaa hadi usiku wa manane anatazama mistari inayoshuka kwenye skrini kama mvua, usidhani anachati. Pengine anatafuta mstari mmoja katika laki moja.

SENTI 75 NA PRINTA MBOVU

Kuna visa viwili ambavyo kila anayesoma fani hii angepaswa kuvijua, na wewe unayeishi naye pia.

Cha kwanza ni cha mwaka 1986. Clifford Stoll alikuwa mtaalamu wa nyota ambaye fedha za utafiti wake zilikwisha, akahamishiwa kitengo cha kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley, California. Enzi hizo muda wa kutumia kompyuta ulilipiwa, na mahesabu ya mwezi yalipofungwa kukawa na pungufu ya senti 75. Senti 75 tu! Wengine wangetoa mfukoni mambo yaishe. Stoll aliifuatilia, akakuta kuna mtu ameingia asiyekuwa na akaunti ya halali. Alichukua miezi mingi kumfuatilia, wakati mwingine akilala chini ya meza ofisini ili kengele ikilia awepo. Mwisho wake ulikuwa mjini Hannover, Ujerumani, kwa kijana Markus Hess, aliyekuwa akipekua kompyuta za jeshi la Marekani na kuuza alichopata kwa majasusi wa Kisovieti, KGB.

Sasa sikia sehemu ya wapenzi. Ili mvamizi akae mtandaoni muda wa kutosha simu yake ifuatiliwe, ilihitajika chambo. Stoll alikuwa akiishi na mpenzi wake, mwanafunzi wa sheria, na kwa simulizi yake mwenyewe wazo la kutengeneza mafaili ya uongo yanayofanana na siri za kijeshi walilipata wakiwa wawili bafuni, wanaoga. Mtego ulinasa. Binti hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mtu wa karibu aliyesikiliza habari za kazi ya mwenzie bila kuona zinamchosha, na ndiyo maana akawa na la kuchangia.

Kisa cha pili ni cha Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh. Asubuhi ya Ijumaa wafanyakazi walikuta printa inayochapa taarifa za malipo ya kimataifa haifanyi kazi. Wakaona ni ubovu wa kawaida, kwani printa gani haiharibiki? Kumbe usiku huo kuna watu walikuwa wametuma amri 35 za malipo zenye thamani ya dola milioni 951 kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York, na printa ilikuwa imenyamazishwa makusudi. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Nyingine milioni 20 zilizokuwa zinakwenda Sri Lanka ziliokolewa na kosa la tahajia katika jina la mpokeaji. Hati za uchunguzi zilizotolewa Marekani mwaka 2018 zilieleza kwamba wavamizi walianza mwaka 2015, kwa barua pepe za mtu anayejifanya anaomba kazi.

Mmoja alikuta pungufu ya senti 75 akauliza. Wengine walikuta printa imekufa wakaendelea na shughuli. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa fani hii humfundisha mwanafunzi kutodharau kitu kidogo kilichokaa vibaya.

Na hapo ndipo wasiwasi wetu unapoanzia. Mtu aliyefundishwa hivyo akirudi nyumbani na kukuta mpenzi wake ameweka simu kifudifudi mezani, itakuwaje?

KENGELE ZA UONGO

Kwa bahati nzuri fani hiyo hiyo inafundisha upande wa pili, na wanaouelewa vizuri ndio wanaoishi kwa amani.

Fanya hesabu hii na mwenzio. Chukua kampuni ambayo mtandao wake unapitisha matukio 1,000,000 kwa siku, na katika hayo mashambulizi ya kweli ni 10 tu. Wamenunua mashine ya kugundua uvamizi ambayo iko sahihi kwa asilimia 99. Unasema hapo mambo safi, sivyo? Mashine itakamata mashambulizi yote 10, au 9. Lakini katika yale 999,990 yasiyo na hatia, itakosea asilimia 1, maana yake itapiga kengele za uongo karibu 10,000. Kila kengele 1,000 zinazolia, ya kweli ni 1. Ukitumia dakika 1 kuchunguza kila kengele, utahitaji zaidi ya saa 166 kwa ajili ya siku moja yenye saa 24!

Stefan Axelsson wa Sweden aliieleza hoja hii mwaka 1999, na imewanyima usingizi walinzi wa mitandao hadi leo. Tatizo haliko kwenye ubora wa mashine. Ubaya ni nadra, na ya kawaida ni mengi mno. Mbwa anayebweka kila jani likidondoka, mwenye nyumba huacha kuamka, na siku mwizi akija kweli anabwekewa bure.

Sasa hamishia hesabu hiyo kwenye uhusiano wenu. Kwa mwaka mzima mwenzio atachelewa mara ngapi kwa sababu ya foleni? Ataongea simu nje mara ngapi kwa sababu ndani kuna kelele? Simu yake itazimika chaji mara ngapi? Matukio hayo ni maelfu, na hata kama wewe ni mjanja wa kutambua uongo kwa asilimia 99, ukipiga kengele kwa kila moja utajaza nyumba kelele na machozi kwa mambo ambayo karibu yote hayana kitu ndani yake. Baada ya hapo mwenzio ataacha kujieleza. Atasema “fikiria unavyotaka”, na wewe utachukua jibu hilo kama kengele nyingine.

Mlinzi mzuri wa mtandao hafanyi hivyo. Kengele ikilia, hamfungi mtu. Anatafuta ushahidi wa pili ambao haukutokana na ule wa kwanza, anatazama kama kuna sababu ya kawaida, kisha anampigia mwenye kompyuta: “Bwana, jana saa saba usiku ulikuwa unafanya kazi?” Mara nyingi jibu huja, “Ndiyo, nilikuwa namalizia ripoti ya mwezi,” na shauri linafungwa. Swali la heshima kwa mhusika ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na wapenzi wengi hukiweka mwisho, baada ya kupekua mifuko, simu na marafiki.

Wahenga walishasema ukimchunguza sana bata hutamla. Hatumaanishi ufumbe macho. Kama mwenendo wa mtu umebadilika kweli na kwa muda, una haki ya kuuliza na kupata jibu la maana. Tunachosema ni kwamba uliza mdomoni, usiulize kwenye simu yake akiwa amelala.

RUHUSA, RUHUSA, RUHUSA

Maabara za masomo haya hujengwa kwa makusudi. Mwanafunzi hupewa kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta, nyingine zimeachwa na matundu ili azishambulie, na mtandao huo hutengwa usiguse mtandao wa nje. Anashambulia leo, kesho anakaa upande wa pili kutazama shambulio lake mwenyewe lilivyoonekana kwenye kumbukumbu. Kazini nako, kampuni ikitaka mtaalamu ajaribu kuivunja ili ione udhaifu wake, kunatangulia mkataba wa maandishi unaosema aguse nini, asiguse nini, kuanzia lini hadi lini. Bila karatasi hiyo, kazi ile ile kwa zana zile zile ni uhalifu.

Stoll mwenyewe alikuwa akilinda mashine za maabara iliyomwajiri, na wakubwa wake walijua. Hakuanza kwa kupekua nyumba ya jirani.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ilivyopitishwa, kuingia bila haki kwenye mfumo wa kompyuta kuliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote pamoja, na fedha yaweza kuzidi hapo kama aliyeingia alijipatia faida. Simu yako ya mkononi ni kompyuta. Majirani zetu wa Kenya walipitisha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2018, ambayo kwa kosa la namna hiyo iliweka faini isiyozidi shilingi za Kenya milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3. Soma vifungu hivyo juu na chini, hutakuta maneno “isipokuwa kama ni mume wake”.

Juu ya yote kuna Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake. Unyumba na mawasiliano vimetajwa pale pale pamoja, na haki imewekwa kwa mtu mmoja mmoja. Hukuipoteza siku ulipovishwa pete.

Kwa mwanafunzi wa usalama wa mtandao kuna zaidi ya faini. Fani hii inauza uaminifu. Benki haimpi funguo mtu ambaye aliwahi kumpekua mchumba wake, hata kama alichokikuta kilikuwa kweli. Na yule rafiki aliyekuvuta pembeni kuhusu simu ya mumewe? Siku ndoa ile ikifika mahakamani, ataulizwa alizipata wapi zile meseji, na jina litakalotajwa ni la mwenzio.

Kwa hiyo ukiombwa umfikishie ombi hilo, msaidie kwa kukataa. Mwambie rafiki kwa upole kwamba mwenzio hafanyi kazi hiyo, kisha msikilize. Mara nyingi anayetaka kufunguliwa simu ya mumewe ana jambo zito moyoni, na anahitaji sikio kuliko anavyohitaji mtaalamu.

UKIHISI SIMU YAKO NDIYO INAYOFUATILIWA

Mambo yanaweza kugeuka pia. Zipo programu za kupeleleza simu za watu, na mara nyingi anayeziweka ni mtu anayeijua namba yako ya siri ya kufungulia simu, si mgeni kutoka ng’ambo. Hayo hapa ni ya kuangalia mwenyewe, bila kuwa mtaalamu.

Fungua WhatsApp, nenda mahali inapoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe. Washa uthibitisho wa hatua mbili, uweke namba 6 ambazo si mwaka wako wa kuzaliwa wala wa mtoto. Angalia kwenye akaunti yako ya Google au Apple ni simu na kompyuta zipi zimeingia. Pitia orodha ya programu, hasa zilizopewa nguvu ya kusoma skrini au kuona mahali ulipo. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Badilisha namba ya siri ya simu na ya akaunti ya fedha, zisifanane.

Lakini jambo moja tafadhali. Kama unayemshuku ni mtu anayekupiga au kukutishia, usiondoe kitu chochote kwa pupa, kwa sababu siku atakapoona amefungiwa ndiyo siku anayoweza kuwa hatari zaidi. Tumia simu ya mtu unayemwamini, tafuta msaada kwanza. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo pa kuanzia.

KUISHI NA MLINZI WA MTANDAO

Tuseme sasa mwenzio ni mtu mwema, hapekui, hashuki daraja. Bado kuna mambo ya kuzoea.

La kwanza ni muda. Wadukuzi hupenda usiku, wikiendi na sikukuu, kama wale wa Bangladesh walivyochagua mwisho wa wiki. Kwa hiyo vituo vinavyolinda mitandao ya mabenki na makampuni ya simu hufanya kazi saa 24 kwa zamu, na anayeanza kazi ndiye hupewa zamu ya usiku. Kama mnapanga kufunga ndoa, ongeeni habari ya zamu sasa. Mtu anayelala mchana chumba chenye watoto na redio hulala kwa mapatano, hatalala kwa bahati.

La pili ni fedha za masomo. Laptopu yenye nguvu ya kubeba hizo kompyuta za kuigiza si ya bei ya simu, bando linaisha kwa kupakua programu, na mitihani ya vyeti vya kimataifa hulipiwa kwa dola. Bumu pekee halifiki. Kama mnasaidiana, wekeni wazi mapema kama ni zawadi au ni mkopo. Tumeona mapenzi mengi yakigeuka kesi ya laptopu.

La tatu ni mazungumzo. Akirudi amechoka kwa kengele 200 ambazo zote zilikuwa za uongo, usimwambie “si ulikuwa umekaa tu kwenye kiti”. Kutazama kwa makini kunachosha kama kubeba zege. Muulize leo imelia nini. Huhitaji kuelewa yote. Kumbuka yule mwanafunzi wa sheria.

Na wewe mwanafunzi, acha darasa darasani. Kumsahihisha mwenzio kila akibonyeza kiungo, kumcheka kwa kutumia jina la mtoto kama neno la siri, kumfanya ajione mjinga mbele ya wageni, hakumlindi. Siku atakapotumiwa meseji ya “ile pesa tuma kwenye namba hii” na akatuma, ataogopa kukwambia, na saa ambazo ungeweza kumsaidia zitapotea. Nyumbani kama ofisini, watu wanaochekwa huficha makosa, na kosa lililofichwa ndilo mvamizi analolitegemea.

MKATABA WENU WA WAWILI

Kabla hajaanza muhula, au kama ameshaanza basi wikiendi hii, kaeni chini na mzungumze haya matano. Andikeni kama mnapenda.

1. Simu ya kila mmoja ni ya nani? Kama mmekubaliana kujua namba za siri, iwe kwa sababu ya dharura, na ijulikane dharura ni nini. Kujua namba si ruhusa ya kusoma.

2. Mtandao wa nyumbani nani anausimamia, na anaruhusiwa kutazama nini? Kama mwenzio anafanya mazoezi ya kusoma paketi kwenye wai-fai ya nyumbani, kila anayetumia wai-fai hiyo aambiwe kwanza, pamoja na dada wa kazi na shemeji aliyekuja likizo. La sivyo afanyie kwenye maabara yake.

3. Mmoja wenu akiingiwa na shaka, atasemaje? Chagueni maneno mapema, wakati hakuna ugomvi. “Kuna jambo limenikaa vibaya, naomba nikuulize” linatosha.

4. Marafiki na ndugu wakiomba “wasaidiwe kidogo” simu ya mtu, jibu letu ni lipi? Liwe moja kwa wote wawili, ili asipatikane wa kubembelezwa.

5. Mkiachana, Mungu apishie mbali, kila mmoja atatoka vipi kwenye akaunti za mwenzie? Kampuni hufunga akaunti za mfanyakazi siku anapoondoka, na hakuna anayechukulia kuwa ni tusi.

Mkimaliza, mwombeni mtaalamu wenu awasaidie kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu zote mbili, kila mmoja ameshika ya kwake. Huo ni mwanzo mzuri, na baada ya hapo mnaweza kwenda kula mishikaki.